Maamuma Aliyetoa Salamu Kabla Yangu

Mnaopenda kucheka, chekeni sasa mmalize, kwa sababu nikianza sitaki kukatishwa. Haya hayakumtokea rafiki wa rafiki yangu. Yalinitokea mimi, na bega langu hili la kushoto ndilo shahidi. Ilikuwa Toronto, mtaa wa Weston, jioni ya Desemba, taa zote zinawaka na mlango umefungwa. Sikuwa usingizini. Sikuwa na homa. Harufu ya rangi ilikuwepo, ndiyo, naisema mwenyewe kabla hamjanisemea.

Mimi si mtu wa maneno. Darasa la saba nilimalizia Pangani, nikakaa nyumbani, kisha shangazi yangu, dada yake baba, akanifanyia mpango nikaja kuishi naye Kanada. Mbele ya watu watatu sauti yangu hupotea. Chuoni, tulikosoma Kurani, mwalimu akisema mmoja wetu atangulie kusalisha, mimi nilikuwa natoka nje na kusema udhu umenitenguka. Shangazi anajua habari hiyo na hucheka mpaka leo. "Udhu wa huyu mtoto," husema, "una woga kuliko mwenyewe."

Kazi niliyoipata huku ni kupaka rangi. Naipenda kwa sababu ukuta haukuulizi kitu. Lakini mimi ni wa polepole, na wakandarasi wawili walishaniacha kwa sababu hiyo. Siku moja shangazi alikuwa kwenye foleni ya nyama halali akamsikia mzee mmoja wa Kiindonesia akilalamika kwamba hapati mpaka rangi asiye na haraka. Shangazi huongea na kila mtu. Akamwambia, "Ninaye mmoja nyumbani. Huyo na haraka hawajawahi kukutana."

Ndivyo nilivyomjua Pak Karim. Pak ni kama kusema mzee au baba, na yeye akawa ananiita nak, yaani mwanangu. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani shangazi amekosea, maana uso wake ulikuwa wa Kichina kabisa. Kumbe ndivyo walivyo. Babu zake walitoka China wakahamia Sumatra, wakafanya biashara ya mbao, wakasilimu, na mpaka leo katika mji wao kuna jamii nzima ya Waislamu wa Kichina wenye msikiti wao.

Msikiti wenyewe alinionyesha kwenye picha. Niseme kweli, ningepita mbele yake nisingejua ni msikiti. Hauna kuba. Una paa la vigae vya kijani lililopandana mara tatu, kila moja dogo kuliko la chini yake, na kila kona ya paa imekunjuka kwenda juu kama ukurasa wa kitabu uliolowa maji. Nguzo nyekundu. Mnara wake ni wa ghorofa ghorofa. Juu kabisa, mwezi na nyota.

Sasa Pak Karim alikuwa anaujenga tena msikiti ule Weston, ndani ya chumba kilichokuwa cha dobi. Waindonesia wachache wa mtaani walikikodi kiwe cha kusalia. Mwenye jengo alikataa katakata asiguse paa la nje, basi mzee akalijenga paa ndani. Juu ya mihrabu, kwa plaiwudi na mikono yake mwenyewe, alipandisha mapaa matatu madogo yenye kona zilizokunjuka, nguzo mbili chini yake, yote mfano wa ule wa kwao. Kazi yangu ilikuwa rangi: nyekundu kwenye nguzo, kijani juu.

Kwa nini mzee wa miaka sabini apande ngazi na misumari mdomoni? Nilijiuliza, lakini sikumuuliza. Alinieleza mwenyewe siku moja tukinywa chai. Tulikuwa tunazungumza Kiingereza cha kuokoteza, changu na chake, na tulipokwama tulisaidiwa na maneno ambayo kumbe wote tunayo, kama dunia, habari, wakati, sabuni. Yeye huyatamka kwa namna yake, lakini unamwelewa.

"Mimi niliupinga msikiti ule," aliniambia.

Aliyeongoza ujenzi alikuwa kaka yake mkubwa. Wao kaka humwita Koko, nami nitamwita hivyohivyo. Koko alitaka msikiti uwe na sura ya babu zao. Pak Karim alitaka kuba kama misikiti mingine. Alisema watu watawacheka, watasema Wachina wamejenga hekalu. Walibishana mwaka mzima. Siku ya kufungua, Koko akasimama mbele kama imamu, watu wakajipanga safu, na Pak Karim alikuwa safu ya kwanza. Imamu alipogeuka kuwaambia wanyooshe safu, Pak Karim alitoka. Mbele ya macho ya mji mzima. Akaenda kusali peke yake barazani.

"Na nilisema kwa sauti, nak. Nilisema, sitasimama safu moja na mtu huyu mpaka nife."

Miezi miwili baadaye alihamia Kanada kwa binti yake. Miaka tisa hawakusemezana.

Paa lile la plaiwudi, basi, lilikuwa ni msamaha anaouomba kwa mikono, kwa kuwa mdomo ulikuwa umemshinda. Wiki chache kabla alikuwa amepiga picha kazi ilipofika, akazituma kwa posta bila barua, akaandika tu nyuma namba ya simu ya pale chumbani. Jibu halikuja. Akaamua atapiga yeye, ila paa likamilike kwanza, ili awe na la kusema. Alinunua kadi ya simu, zile za kukwangua, akaibandika ukutani chini ya kona ya nne ya paa la chini, ambayo ndiyo ilikuwa imebaki.

"Ukimaliza kona hii," akaniambia, "nakwangua."

Kwa hiyo mnaona? Simu ya ndugu wawili ilikuwa inasubiri brashi yangu.

Nami, Mungu anisamehe, niliichelewesha. Ile kona ya nne ilikuwa na nyuzi za mbao zilizonyanyuka, nikaipiga msasa siku nzima. Nikaipaka rangi ya kwanza, sikuipenda, nikaipiga msasa tena. Shangazi alikuja kuleta chakula akaniona. "Mzee wa watu anasubiri," akasema, "na wewe unaisugua mbao kama unaogesha bibi harusi!" Pak Karim akanitetea. Akasema hana haraka, na Koko naye hajawahi kuwa na haraka. Yeye kasoro aliyoiona ni nyingine. Alisema kona zake hazijainuka vya kutosha. Alikuwa akipita chini yake anazisukuma juu kwa kidole gumba, kama vile mbao itamsikia. "Za kwetu zimeinuka zaidi," husema. Ilikuwa inamkera kweli.

Kuna jambo moja zaidi lazima mlijue. Pak Karim hakuwahi kubadilisha saa yake ya mkononi tangu alipotoka kwao. Majira ya baridi hakuna haja, maana Toronto na Sumatra zinapishana saa kumi na mbili kamili. Mishale inakaa palepale. "Wakati wa baridi," alikuwa akiniambia, "mimi na Koko tuna saa ileile. Kwangu jioni, kwake alfajiri." Nani angefikiri lina maana?

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Jumatatu. Theluji ilianza asubuhi na haikunyamaza. Mchana niliimaliza kona ya nne. Rangi ya mwisho, ya kijani, ikakaa vizuri, laini kama jani. Nilipomwambia Pak Karim, aliitazama kadi ukutani, akaitazama kona, akavaa koti. Akasema anataka kwanza rangi ya dhahabu kidogo kwa ajili ya mwezi na nyota, duka liko karibu, atarudi sasa hivi na atapiga simu. Nadhani alikuwa anaogopa. Woga naujua, hata kwa mtu mzima nautambua.

Alitoka. Upepo ukawa unausukuma mlango, kufuli lake halishiki vizuri, basi nikateremsha komeo kwa ndani. Likumbukeni hilo komeo.

Desemba huku jua huzama mapema mno. Saa kumi na dakika arobaini hivi jioni, dirisha lilikuwa jeusi na magharibi imeingia. Pak Karim hajarudi, kumbe basi alilopanda kurudi lilikuwa limekwama thelujini. Nikatawadha kwenye sinki la nyuma, nikasimama mbele ya mihrabu, chini ya paa langu bichi, nikaanza kusali peke yangu. Magharibi husomwa kwa sauti, lakini mimi, hata nikiwa peke yangu, nasoma kwa kunong'ona.

Nilikuwa katikati ya Alhamdu nikaguswa bega.

Wasiosali niwaeleze. Mtu akikukuta unasali peke yako na anataka kusali nawe, hukugusa bega taratibu. Maana yake ni hii: sasa wewe ni imamu, mimi ni maamuma wako, paza sauti. Huruhusiwi kugeuka kumtazama. Unaendelea tu. Na maamuma akiwa mmoja, mahali pake ni ubavuni mwa imamu, upande wa kulia.

Niliguswa bega la kushoto. Nikawaza, Pak Karim karudi. Moyo ukanidunda, si kwa hofu ya jini, bali kwa hofu yangu ya kila siku, kwamba leo nitasalisha. Mimi! Na safari hii udhu haukuweza kutenguka. Nikapaza sauti. Ilitoka nyembamba, ikatetemeka, lakini ilitoka. Nilipomaliza Alhamdu, nyuma yangu kukajibiwa: "Amin."

Haikuwa sauti ya Pak Karim. Pak Karim ana kikohozi na sauti kavu. Hii ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kusikika. Nikajiambia, ni Mwindonesia mwingine. Nikasoma Inna Aatayna, sura fupi kuliko zote, sura yetu sisi waoga. Nikasubiri aje ubavuni kwangu. Hakuja. Alibaki nyuma.

Kwenye sijda ya kwanza, paji la uso likiwa kwenye zulia, nilikumbuka komeo.

Niaminini, sijawahi kukaa kwenye sijda muda mrefu vile. Komeo niliteremsha mimi kwa mkono huu. Hata Pak Karim na ufunguo wake asingeweza kuingia mpaka nimfungulie. Sasa aliyeko nyuma yangu kaingilia wapi? Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mngekimbia? Kukimbilia wapi, na mlango uko nyuma yake? Nikafanya jambo pekee nililolijua. Nikainuka na kuendelea na rakaa ya pili.

Nikasoma. Nikarukuu. Nikainuka kutoka kwenye rukuu, nikasema maneno yake, na nilipotaka kushuka kusujudu, nyuma yangu kukasemwa taratibu:

"Amin."

Nilikuwa kimya. Sikuwa nimeomba kitu. Anaitikia nini? Nikaganda nimesimama.

"Amin," akasema tena, baada ya nafasi kama ya mtu anayesikiliza sentensi nzima. Halafu tena. "Amin."

Hapo nikajua anafanya nini. Kwetu pwani, na kwao Indonesia vilevile, kuna dua ya kunuti inayosomwa ukiinuka kutoka rukuu ya rakaa ya pili. Imamu huomba, watu huitikia amin. Lakini haisomwi magharibi. Ni ya alfajiri. Mtu yule alikuwa anasali sala ya alfajiri nyuma yangu, jioni, na alikuwa anaisikia dua kutoka kwa imamu ambaye si mimi.

Nilisimama mpaka amin zikaisha. Niliogopa kushuka kabla yake.

Tukasujudu, tukakaa. Nilipoinuka kwa rakaa ya tatu, maana magharibi ni tatu, yeye hakuinuka. Nikamsikia akitoa salamu. Kulia. Kisha kushoto. Alfajiri ni mbili, naye zake mbili zilikuwa zimetimia. Mimi nikabaki na rakaa yangu moja, na nyuma yangu nasikia nyayo tupu zikikanyaga zulia. Chwa, chwa, kama nyayo zilizolowa. Zikanipita ubavuni. Zikaenda upande wa kona ya nne.

Nimalize, nisimalize? Nilimaliza. Nikatoa salamu kulia, hakuna mtu. Nikageuka kushoto.

Alikuwa mzee wa Kichina, mrefu kuliko Pak Karim, kavaa shati jeupe na saruni ya mistari, kofia nyeusi ya kwao. Miguu mitupu. Nje baridi inakata masikio, na yeye maji ya udhu yanamdondoka viwikoni kama aliyetawadha sasa hivi. Na kulikuwa na harufu. Rangi naijua, hii haikuwa rangi. Ilikuwa karafuu maiti. Aliyewahi kuingia nyumba yenye msiba haisahau.

Hakunitazama. Alikuwa ameinua uso, anaiangalia kona yangu ya kijani kama mtu anayesoma barua. Kisha akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba chini ya ncha, akaisukuma juu. Taratibu. Akasema neno moja, "Bagus," ambalo Pak Karim huniambia nikipaka vizuri. Maana yake ni nzuri.

Hapohapo mlango ukagongwa kwa ngumi. "Nak! Fungua! Unataka nigande hapa barazani kama samaki?"

Nikageuza kichwa tu. Kichwa tu! Niliporudisha macho, chini ya kona hapakuwa na mtu.

Sijui nilifikaje mlangoni. Komeo lilikuwa chini kama nilivyoliacha. Pak Karim aliingia na theluji yake na kopo la dhahabu, akaniona uso wangu, akaanza utani. "Umevuta rangi nyingi, nak. Kaa chini." Nikamweleza. Maneno yalikuwa yananitoka nusunusu, Kiswahili na Kiingereza pamoja. Alikuwa anatabasamu bado. Nilipofika kwenye harufu, akanusa, na tabasamu likaondoka.

"Alisimama wapi?" akaniuliza.

"Nyuma yangu."

"Nionyeshe. Wapi hasa?"

Nikamwonyesha. Hata hapakuwa na haja ya kuonyesha, maana zulia lilikuwa na alama mbili za maji, nyayo za mtu. Hazikuwa ubavuni mwangu kulia, mahali pa maamuma mmoja. Hazikuwa katikati nyuma yangu pia. Zilikuwa nyuma, zimesogea kushoto, na upande wake wa kulia paliachwa nafasi ya mtu mmoja. Watu wawili wakisali nyuma ya imamu ndivyo wanavyosimama. Yeye alisimama kama mmoja wa wawili.

Pak Karim aliiangalia ile nafasi. Kisha akacheka. Kicheko kile sikipendi mpaka leo. Akaenda ukutani akaibandua kadi, lakini vidole vyake havikuweza kukwangua, nikamkwangulia mimi kwa ukucha. Namba pia nilimsomea mimi, moja moja, na mara mbili nilikosea tukaanza upya.

Aliyepokea ni mtoto wa Koko. Pak Karim alikuwa amebonyeza spika, nikasikia kilio kabla ya maneno. Hayo mengine nilitafsiriwa baadaye, nasema kama nilivyoambiwa.

Koko alifariki usiku ule, baada ya isha, kwenye kiti chake. Walikuwa wamekwisha kumwosha na kumvika sanda, jeneza lake limewekwa msikitini, mbele ya safu, kusubiri mazishi ya asubuhi. "Sasa hivi tumetoa salamu ya alfajiri, Mjomba," alisema kijana. Mjomba ndivyo nilivyotafsiriwa, ingawa kwetu tungesema baba mdogo. Pak Karim akatazama saa yake. Mishale ilikuwa palepale.

Akauliza kuhusu picha. Aliuliza kwa sauti ya mtoto aliyefanya kosa.

Zilifika, kijana akasema. Baba alizibandika sebuleni. Kila mgeni aliyekuja alipelekwa kuziona. Alikuwa anasema, mdogo wangu anajenga.

"Mbona hakunipigia?"

Kwa sababu picha zilionyesha kona tatu, na ya nne bado mbao tupu. Koko alisema asisumbuliwe. Alisema, mwacheni amalize, asiharakishwe, nitampigia nikiiona ya nne.

Mmesikia? Huku mmoja anasubiri kona ya nne ili apige simu, na kule mwingine anasubiri kona ileile. Na kona ilikuwa mkononi mwangu, naipiga msasa.

Nilimwomba Pak Karim msamaha. Nililia, sioni haya kusema. Alikwenda kutawadha, akarudi, akasema, "Simama mbele. Tunamsalia sala ya ghaibu."

"Mimi siwezi, Pak. Salisha wewe."

"Alimgusa nani bega, mimi au wewe?"

Nikasimama mbele. Sala ya maiti, hata aliye mbali, haina rukuu wala sijda, ni kusimama na takbira nne tu. Nyuma yangu nilimsikia Pak Karim akiingia kwenye ile nafasi, akijisogeza kidogo kushoto, bega kwa bega, kama anavyofanya mtu mwenye jirani safuni. Sauti yangu haikutetemeka, na sababu siijui. Nilitoa salamu ya kulia. Ya kushoto niliitoa nimefumba macho.

Asubuhi yake tulipima kona kwa rula. Tatu zilikuwa sawa. Ya nne ilikuwa imeinuka zaidi, upana wa vidole viwili. Msumari haukung'oka, rangi haikupasuka. Chini ya ncha palikuwa na alama ya kidole gumba kwenye kijani. Mbao kavu ya plaiwudi haipindi hivyo, waulizeni maseremala. Pak Karim alinikataza kuipaka tena.

Ni miaka mitatu sasa. Masika yaliyofuata Pak Karim alirudi kwao. Binti yake alituambia alikwenda moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege mpaka msikitini, akaingia safu ya kwanza, mahali palepale alipotoka, na hajataka kurudi Kanada. Chumba cha Weston kilivunjwa pamoja na jengo lake. Kona ya nne niliikata mwenyewe kwa msumeno kabla hawajabomoa, iko juu ya kabati langu. Shangazi ameifunika kwa khanga. Anasema yeye haamini hata kidogo, ila hawezi kufagia chumba ikiwa inamtazama.

Bega langu la kushoto halipati joto. Julai, watu wamevaa fulana, mimi pale alipogusa pana baridi ya ukubwa wa kiganja. Daktari alipima, akasema sina ugonjwa. Shangazi alinikanda kwa mafuta ya karafuu wiki mbili. Baridi ipo. Na nikisali, salamu ya kushoto naitoa macho yamefumbwa.

Nawaambia kwa hiyo, na si maneno ya kutisha watoto. Ukisali peke yako na ukaguswa bega, usigeuke na usikatishe. Paza sauti hata kama ni mbaya. Kama amin inakuja mahali pasipo dua, ngoja ziishe, mwache amalize hesabu yake, nawe umalize yako. Usijaribu kumwahi.

Na kama kuna mtu uliyemwacha safuni, mpigie leo, mbao zikiwa hazijapakwa. Usiseme unasubiri kona ya mwisho. Pengine na yeye anaisubiri hiyohiyo, na atakuja kuiangalia mwenyewe, miguu mitupu kwenye theluji, na wewe umekwenda dukani.